Nta ya Mshumaa

Bolti ilikuwa imekatikia ndani ya injini tangu jana jioni, na Shamte alikaa kitako upande wa pili wa gereji akisubiri kuombwa. Mafundi wote walimwomba mwishowe. Hemedi, fundi aliyekuwa na injini hiyo, naye angekuja, na shati lake la kazi analolipiga pasi kila siku, maana kipande kilichobaki nje kilikuwa kifupi kuliko ukucha.

Dawa ya bolti kama hiyo Shamte aliachiwa na marehemu baba yake. Kila alipoitumia aliwafukuza watu kwanza. Alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, mkewe Siwema, tena kitandani.

Hemedi hakuja. Alikichoma kile kipande kwa moto wa gesi mpaka kikawa chekundu, akangoja kidogo, kisha akatoa mshumaa mfukoni. Shamte aliinuka: ndiyo dawa ya baba yake. Nta iliyeyuka ikazama pembeni mwa chuma. Hemedi akakibana kwa koleo, akazungusha taratibu, nacho kikatoka kama jino la mtoto.

“Nani kakufunza hiyo?” Shamte aliuliza.

“Mtu tu, kaka,” Hemedi alijibu bila kuinua uso.

Adhuhuri Siwema alileta chakula kama kawaida. Akampa mumewe bakuli, akatupa jicho upande aliko Hemedi.

“Ile bolti imetoka?”

Nyumbani Shamte hakuwa ametaja bolti yoyote. Alibaki amelishika lile bakuli, likimuunguza viganja, na hakuliweka chini.