Mume Hapatikani kwa Sasa

"Bibi, inua! Usitikisike!"

Bibi akainua mlingoti. Juu yake ilifungwa antena ya mtafiti Simioni, na jua la kijiji cha Itiryo lilikuwa linamchoma kisogo. Simioni alikuja na gari, dereva na kila aina ya waya, ila alisahau vyuma vya kusimamishia mlingoti ardhini. Alipomkuta kikongwe anapukuchua mahindi uani hakumwamkia hata shikamoo. Alimnyanyua kwenye kigoda chake, akampa mlingoti aushike, kisha akakikalia kigoda yeye mwenyewe.

Chuoni kwao walimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu. Kazi yake ilikuwa utafiti wa kufikisha mtandao vijijini, na kijiji kingepata mtambo mmoja tu wa kuvuta mawimbi kutoka mnara wa Nyamwaga. Ungefungwa kwenye nyumba atakayoichagua yeye.

Mokami, aliyeolewa nyumba hii, aliutaka mtambo huo kuliko kitu chochote duniani. Mwezi wa nne mwanawe wa mwisho alishikwa na degedege, akakimbia naye mgongoni mpaka juu ya kilima kutafuta mtandao wa kuita pikipiki. Mtoto alipona. Lakini mpaka leo Mokami hapendi kukitazama kile kilima.

"Nitakuuliza maswali," Simioni alisema. "Usiogope kitu. Mila zenu nimezisoma zote."

"Sawa, daktari."

"Simu ya hapa nyumbani ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

Simioni akatabasamu. Jibu hilo alitoka nalo mjini. Huku alikuja kumtafuta wa kulisema tu.

"Anakunyima?"

"Hapana. Nikiitaka ananipa. Hata kuchaji anaipeleka mwenyewe dukani."

Hii ni hofu, Simioni aliwaza, akabonyeza NDIYO kwenye kishikwambi chake.

"Ana umri gani?"

"Sabini ameshavuka."

"Na wewe?"

"Ishirini na sita."

Simioni alimtazama dereva wake, dereva akatazama pembeni.

"Alikuoa wa nini, kwa umri huo?"

"Alizaa mabinti tu, wote wameshaolewa. Akatoa ng'ombe akanioa, nyumba ipate wana."

"Na hawa watoto watatu hapa uani?"

"Wa kwake wote."

Bibi alicheka, mlingoti ukayumba.

"Bibi! Nimesema utulie! Ukiyumba wewe, mtandao nao unayumba!"

Mokami alifungua mdomo kusema jambo. Bibi akamkazia macho, Mokami akaufunga. Simioni aliliona hilo, akaandika kwamba mama mkwe ndiye mpelelezi wa mwanawe. Ubongo wake ulikuwa mwepesi mno, haukuhitaji hata kuuliza.

"Sasa sikiliza," alisema. "Mradi una sharti. Mume lazima akubali kwa mdomo wake mwenyewe, nimrekodi. Amekubali?"

"Bado. Amesema akusikilize kwanza, ajue wewe ni mtu wa namna gani."

"Anisikilize mimi!"

Hapo Simioni akafunguka. Alisema wanaume wa huku akili zao zinaishia kwenye mkia wa ng'ombe. Alisema mzee mwenye haya, kwa umri ule, angekuwa anatafuta pa kuzikwa, siyo binti wa kumzalia. Alisema kumpa mtu wa aina hiyo mtandao ni kumvisha mbuzi miwani. Yote haya aliyasema kwa sauti ya mhadhara, mate yakimruka, huku mwanamke wa rika la mama yake akiwa amemshikia mlingoti juani na jasho likimchuruzika shingoni.

"Daktari, punguza maneno," Mokami alinong'ona. Machozi yalishaanza kumlenga. "Mtambo nauhitaji. Nakuomba sana."

"Acha kumwogopa. Yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo, yupo! Yupo kilabuni, amelewa. Nipe namba yake. Leo atanijua."

Mokami akaitaja namba.

Kwenye kiboksi cha mtambo taa ya kijani ilikuwa imetulia. Bibi alikuwa ameushika mlingoti barabara, na pale uani mtandao ulikuwa umejaa kuliko siku yoyote tangu nyumba ijengwe. Simioni akawasha kinasa sauti, akaweka spika, akakohoa kusafisha koo la kumkaripia mzee.

Simu ikaanza kuita. Ikaita mkononi mwake, na ikaita ndani ya kanga ya bibi.

"Mnaona?" Simioni akaangua kicheko. "Amekimbia, na simu kamwachia mama yake! Haya, pokea, bibi. Mwambie huyo mwanao kama ni mume kweli ajitokeze."

Bibi hakuuachia mlingoti. Kwa mkono wa pili alifungua fundo la kanga, akatoa simu ya kitochi iliyofungwa raba, akaiweka sikioni huku akimtazama Simioni usoni. Sauti yake ikatoka mara mbili, kinywani mwake na kwenye spika ya daktari.

"Haloo. Gati hapa, mume wa Mokami. Kwa mila hizo ulizosoma zote, mwanamke asiye na mwana wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mke. Rekodi vizuri: mtambo nimeukubali. Wewe nimekukataa."