Mama wa Kwenye Tangazo

Dada mlinzi aliingia basi la saba, akachungulia abiria mmoja mmoja kama anayechagua nyanya. Wanawake weupe aliwatazama mara mbili mbili.

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la stendi alfajiri, na picha ilikuwa imemganda kichwani: mama mtu mzima, mweupe, pua imechongoka, shingo ndefu. Ana sukari, husahau njia, katoka nyumbani tangu jana. Asipochomwa sindano leo, hatari.

Na sasa ilikuwa saa tisa alasiri.

Alirudi getini akihema. Kwenye benchi alikuwepo bado yule bibi mnene, mweusi ti, aliyekaa hapo tangu asubuhi akimsubiri binti yake.

"Umempata?"

"Bado, bibi."

"Maskini wa watu! Hebu nipe maji, mwanangu."

Chupa ya nne hiyo. "Bibi, tumboni umepanda bustani?"

"Cheka tu. Ukifika umri wangu utamwagilia." Bibi alilikodolea macho tangazo. "Kazuri haka! Mimi ningekuwa na sura hiyo, ningerudi kinyumenyume watu wanione tena."

"Humjui lakini?"

"Nimjulie wapi? Hao ni wa kwenye matangazo ya sabuni."

Mlinzi alijipapasa shavu lake, jeusi kama la bibi, akaguna.

Ghafla mwanamke mweupe akakatiza mbele ya mabasi. Mlinzi alitoka mbio, akamdaka mkono. "Mama, umepotea?"

"Umri wangu thelathini na tano, mimi mama yako? Kilichopotea ni adabu yako!"

Abiria waliangua kicheko. Mlinzi akarudi ameinamisha kichwa, akamkuta bibi amelala ubavu, midomo mikavu, maneno yanamtoka vipande vipande.

"Teksi! Jamani, teksi! Bibi anazidiwa!"

Teksi ilikuja. Mlinzi alishika mlango, akasita. Akiondoka getini, yule mgonjwa wa watu nani atamwona akipita?

Hapo msichana mmoja akaja mbio, gundi mkononi, matangazo kwapani. Yote yakamwagika chini.

"Mama! Mama yangu!"

Alimkumbatia bibi, huku akipekua mkoba kutafuta sindano.

Mlinzi akamtazama bibi, akatazama geti. "Huyu ndiye yule?"

"Studio walimng'arisha pichani na kumpunguza unene kidogo," msichana alisema, machozi yakimtoka. "Walisema akiwa hivyo ndipo watu watamtazama."