Ijumaa Saba za Kanga

Zama ambazo wanyama walikuwa na mipaka yao, Korongo alivuka bila kibali, akafungiwa zizini. Sheria ilisema atatoka akipatikana mwenyeji anayejuana naye, la sivyo atarudishwa kwenye ukame alioukimbia.

Kanga, kwa kumcha Mungu, alimpelekea mtama kila Ijumaa. Ila alikuwa msemaji mno, mgeni hakupata nafasi hata ya kushukuru.

Siku ya hukumu, hakimu Kifaru akauliza, "Bibi Kanga, huyu ana watoto wangapi?"

Kanga akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, Mungu anisamehe. Ijumaa zote saba nimeongea mimi tu. Sijui."

Ngiri mlinzi akacheka. "Mwenyeji gani huyu? Redio!"

"Lakini mimi namjua dada Kanga," akasema Korongo. "Ana watoto tisa, kitindamimba anaogopa radi, na mumewe anakohoa tangu masika."

"Kweli?" akauliza Kifaru.

"Kweli tupu, mheshimiwa," akajibu Kanga.

"Sheria inataka wajuane, haikusema nani aanze. Ngiri, fungua mlango!"

Nje, Kanga akamwambia Korongo, "Haya kaka, leo nimefunga mdomo. Nipe habari za kwako."