Makubadhi Mlangoni

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, lakini makubadhi ya kiume mlangoni kwa Salha hayakuwa na hata tone la tope. Mwenyewe amelala humu humu, Bi Mosi aliwaza. Kumbe ndiyo maana mwanawe alikuwa akiwakataa wachumba!

Alikaribishwa chai, hakuinywa. Jicho lake lilitambaa chumba kizima. Mto mmoja. Mswaki mmoja. Akajifanya anatafuta maji ya kunawa, akachungulia nyuma ya pazia. Patupu.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto, Salha. Mwenye makubadhi."

Salha akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Niliyanunua mwenyewe. Wanaume wa mtaa huu wakijua naishi peke yangu, hawaishi kunigongea."

"Si uolewe basi, yaishe."

"Niolewe ili mlangoni pawe na viatu?"

Hayo hayakumwingia Bi Mosi akilini. Alitoka, akaokota kubadhi moja na kuligeuza. Soli ilikuwa mpya kabisa, haijapata kukanyaga ardhi.

Jirani mmoja wa kiume alikuwa akipita polepole, macho yote mlangoni kwa Salha.

"Shikamoo, mama. Shemeji yupo?"

Bi Mosi alimtazama kuanzia utosini mpaka miguuni.

"Marahaba. Amelala."

Alingoja mpaka yule mtu akapotelea kwenye kona. Kisha akainama, akaingiza mikono ndani ya makubadhi, akaanza kuyatembeza topeni, hatua moja baada ya nyingine, kuelekea mlangoni kwa mwanawe.