Tangazo la Vitumbua vya Tatu

Tangu mtandao uanze kuficha kila tangazo la biashara lenye kosa la lugha, Sefu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alikuwa lulu mtaani. Mkewe Mwanahamisi aliuza vitumbua. Jirani yao Tatu, mjane, naye aliuza vitumbua. Sefu aliwaandikia matangazo wote wawili.

"Baba Rehema, mbona wateja wote wako kwa Tatu?" Mwanahamisi aliuliza, roho ikimuuma.

"Matangazo yenu yote yamepita, mke wangu. Unataka nini tena?"

Mwanahamisi akafungua simu. Tangazo lake lilisema: "Vitumbua vinapatikana. Karibuni." La Tatu lilisema: "Njoo mapema, mpenzi wa vitumbua. Nakungoja mlangoni, na kungoja kunaniumiza."

Maneno hayo ya kungoja aliyajua. Sefu alimwandikia yeye, kabla hawajaoana, katika barua ambayo hadi leo ilikuwa sandukuni, chini ya kanga zake.

"Niandikie upya langu," akasema.

Sefu aliishika simu, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akaongeza neno moja: sana.

Mtandao ukalipitisha papo hapo. Halikuwa na kosa hata moja.