Chinchila wa Mwalimu Drusilla

Drusilla alipigilia waya kwenye dirisha la chumba cha marehemu dada yake, Bonareri, kisha akatundika blanketi zito juu yake. Mchana ukawa giza humo ndani.

"Wanyama gani hao wasiotaka jua?" mama yake, Jemimah, aliuliza akiwa mlangoni.

"Chinchila, Mama, kama panya wakubwa wenye manyoya mengi. Kwao ni milima ya baridi, ng'ambo ya bahari. Joto huwaua."

Ulikuwa mwezi wa Aprili, 1971, na hapo Sironga mvua ilinyesha kila alasiri. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu nguo za Bonareri zikutwe kwenye ukingo wa mto Gucha, na viatu vyake kando. Vijana walimtafuta majini siku nne, wakatoka mikono mitupu.

Jemimah hakumlaumu binti aliyebaki. Kila mtu ana namna yake ya kuomboleza, na Drusilla, mwalimu wa darasa la pili, hakuwa na mume wala mtoto wa kumliwaza. Mama mmoja Mwingereza wa kule Kericho, aliyekuwa akirudi kwao, alikuwa amemwahidi wanyama wawili. Tangu hapo Drusilla hakuwa na habari nyingine. Alitengeneza kibanda cha waya chenye vibao vya kurukia. Alianika nyasi darini hadi zikakauka. Alimpa mama yake kazi ya kuchekecha vumbi jeupe la mawe ya kuchongea vinyago kutoka Tabaka mpaka likawa laini kama unga, kwa sababu chinchila haogi maji, hujigaragaza vumbini.

"Wakilowa, wanaugua," alisema. "Na mwezi wa kwanza mtu asiingie humo. Hata wewe, Mama. Hushtuka upesi, wakafa."

Walifika Jumatatu kwa lori la majani chai. Okemwa, dereva, alilishusha sanduku la mbao lenye matundu huku jasho likimtoka.

"Mwalimu, panya wawili wana uzito huu?"

"Wamekuja na chakula chao," Drusilla alijibu, akashika upande wa pili.

Tangu siku hiyo Jemimah alianza kusikia mambo. Mikwaruzo aliitarajia. Lakini asubuhi moja alisikia kikohozi. Siku nyingine, akimenya ndizi jikoni, alisikia sauti ya chini ikiimba wimbo ambao Bonareri alizoea kuuimba akichuma chai. Kisu kikamponyoka. Alipofika kwenye mlango wa chumba kulikuwa kimya, na kufuli la Drusilla liko mahali pake.

Kanisani walifundishwa kwamba wafu wamelala, hawarudi. Aliamini hivyo tangu abatizwe. Sasa alikaa kwenye kigoda akalia, asijue kama ni kwa hofu au kwa hamu.

Maana alijua marehemu angekuja kuuliza nini. Mara tatu Bonareri alimkimbia mumewe akaja nyumbani, mara ya mwisho akiwa amevunjika mkono. Mara tatu wazee wakaamua arudi. Na mara zote tatu ni Jemimah mwenyewe aliyemfungia mzigo wake na kumsindikiza hadi barabarani.

Mume huyo, Ratemo, alikuja Alhamisi, mvua ikinyesha. Alikuwa amekonda, macho mekundu. Aliketi karibu na mlango, kofia magotini.

"Nasikia mna wanyama," alisema. "Nataka kuwaona."

"Hawaonwi na wageni, shemeji," Drusilla akasema.

"Leo mimi ni mgeni hapa?" Alijifuta uso. "Silali, Drusilla. Mto haujamtoa. Nimeufuata hadi chini, nikauliza kila kijiji. Mtu akifa majini, mto humtoa."

Kitu kikaanguka chumbani. Wote watatu walikisikia.

"Panya wako wana kishindo," Ratemo alisema taratibu. Akasimama, kofia ikaanguka sakafuni.

Jemimah hakujua miguu yake ilimfikishaje kwenye ule mlango wa ndani kabla ya mkwewe. Kwa desturi mwanamume hamsogelei mama wa mkewe, seuze kumsukuma. Akasimama pale, mgongo wake ukigusa kufuli.

"Mama, nipishe."

"Mara tatu nilikurudishia," Jemimah alisema. "Mara tatu, Ratemo, kwa mikono yangu hii. Hiki ni chumba cha mwanangu. Ukitaka kuingia, anza kwa kunipiga mimi."

Ratemo alirudi nyuma hatua moja. Kisha akainama, akaokota kofia yake, akatoka bila kuaga. Drusilla alimfuata kwa macho kupitia dirisha la sebuleni mpaka alipotokomea nyuma ya migomba. Hata baada ya hapo aliendelea kusimama, akisikiliza mvua.

Alipogeuka, mama yake alikuwa ameteleza chini kando ya mlango, ameficha uso kwenye leso.

"Mama, kwa nini umemzuia?"

"Sijui. Ni maneno niliyopaswa kumwambia wakati ule." Jemimah alitikisa kichwa. "Nimeyasema nimechelewa. Nimemlinda nani sasa? Wanyama."

Drusilla alipiga magoti, akamwinua. Kisha akavua uzi wa ufunguo shingoni, akafungua kufuli.

"Ingia polepole," alinong'ona. "Na usipige kelele, tafadhali."

Mle ndani mlinukia nyasi kavu. Mwanzoni Jemimah hakuona kitu. Macho yalipozoea giza, aliwaona: wanyama wawili wadogo wa kijivu, laini kama moshi, wamelala mapajani mwa Bonareri.