Kikohozi cha Asiyevuta

Palikuwa na Pimbi asiyeacha jambo bila kulichungua. Aliishi pango moja na Nungunungu na mkewe. Nungunungu alivuta kiko kutwa. Pimbi hakuwahi kukigusa, lakini ndiye aliyekohoa hadi mbavu zikamuuma.

"Kifua chako kibovu," Nungunungu alimwambia. "Hama, usije ukatuambukiza."

Pimbi akahamia juu mwambani, kwenye upepo. Kikohozi kikapungua, kisha kikakoma. Akashangaa. Chakula kilikuwa kilekile, na baridi ya huko ilizidi ya pangoni. Basi kilichobadilika ni nini? Akarudi kuchungulia.

Mlangoni moshi ulimpokea kabla ya mwenyeji, na papo hapo akakohoa. Ndani, mke wa Nungunungu alikuwa amelala, anakohoa na kuhema kwa taabu kama aliyepanda mlima.

"Umetuachia ugonjwa wako!" Nungunungu akafoka, kiko mdomoni.

"Shemeji," Pimbi alimuuliza mgonjwa taratibu, "ukitoka nje huwa unakohoa?"

"Nje sikohoi."

Nungunungu akautazama moshi alioupuliza sasa hivi, unavyomzunguka mkewe. Akakizima kiko, akambeba mkewe kumpeleka upeponi.

"Kumbe tulikuwa tukivuta sote," alisema.